Kichwa Kilichopita Kipimo

Jumapili tarehe 4 Machi 2018, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri mjini Missoula, Montana, Lyle Kvamme alinyoosha mkono kwenye mkutano wa klabu ya waendesha baiskeli. Alikuwa mwanachama kwa miaka kumi na mmoja na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Wenzake walikuwa wamemzoea kama watu wanavyozoea jiko lililo pembeni mwa ukumbi: lipo, linasaidia, halisemi.

Wiki chache kabla, wanafunzi walikuwa wameuawa kwa risasi shuleni kwao kule Florida. Baadaye ikajulikana kuwa Brackett, kampuni iliyokuwa na chapa ya helmeti za Tarn, chupa za maji na mifuko ya baiskeli, ilikuwa pia ikiuza bunduki na risasi. Wanachama walilizungumza jambo hilo kwa namna ya watu wenye adabu, yaani kwa kulizunguka. Mmoja alisema ni suala gumu. Mwingine akasema lina pande nyingi. Wa tatu akauliza kama keki bado ipo.

Lyle alikuwa akimfikiria mjukuu wake wa Spokane, aliye darasa la pili. Juma lile mtoto alikuwa amemsimulia kwa simu jinsi wanavyofundishwa shuleni kujificha katika kabati la rangi na karatasi, na kwamba yeye ndiye hodari kuliko wote wa kunyamaza. Alisimulia kama anayesimulia mchezo. Babu yake alikata simu, akatoka nje, akasimama karibu na gari bila kazi yoyote.

"Tusiwape pesa zetu," Lyle alisema. "Basi."

Mwenyekiti, Dagny Pruitt, alikuwa amefanya kazi mahakamani maisha yake yote akinukuu maneno ya mashahidi. Hakuweza kuvumilia kauli iliyoachwa wazi. Akamuuliza kama ana maana ya helmeti tu.

"Chochote," alisema Lyle.

"Chochote chenye mkono wa Brackett ndani yake?"

"Chochote."

Neno lilikuwa tamu kinywani. Alikuwa hajawahi kulisema mbele ya watu. Azimio likapita bila mpinzani: mwanachama atakayenunua chochote cha Brackett hataendesha na klabu. Watu walimpigia makofi, na baadhi walimtazama kwa heshima ambayo hakuielewa. Mama mmoja alimshika mkono akamwambia kwamba si kila mtu angethubutu. Lyle alidhani anasifiwa kwa kuongea.

Alielewa Jumanne, Brancati alipopiga simu. Tino Brancati ndiye mwenye duka la baiskeli mtaa wa Higgins. Januari, Lyle alikuwa ameteleza kwenye barafu karibu na daraja, akaangukia upande. Kichwa kilipona, helmeti ikapata ufa. Aliagiza nyingine kama ile ile, akasahau.

"Ndoo, kofia yako imefika," alisema Brancati. Ndoo lilikuwa jina la Lyle tangu shule. "Sasa sijui nikuwekee au niizike."

"Kwa nini uizike?"

Brancati alitafuta namna ya upole, akaikosa. "Kwa sababu ni Tarn, ndugu yangu. Miaka yote umevaa Tarn."

Jina lilikuwa limeandikwa nyuma, kwa herufi nyeupe. Lyle ni mpana wa mabega, na kwenye msafara hukaa mbele akikata upepo unaotoka bonde la Hellgate, wengine wakijificha nyuma yake. Kwa miaka kumi na mmoja jina lile lilikaa nyuma ya kichwa chake, likasomwa na kila aliyemfuata. Klabu nzima ilijua anavaa nini. Asiyejua alikuwa mwenye kichwa. Siku ile aliponyoosha mkono, waliona mtu anayejitoa mhanga.

Hapa inabidi kukieleza kichwa chenyewe. Lyle alizaliwa katika mji wa Ronan, na mama yake alikuwa akisema kwamba yeye ndiye aliyekijua kwanza na kwa uchungu zaidi. Picha ya mahafali yake ya sekondari inamwonyesha akiwa na kofia ya wahitimu iliyokaa utosini kama kisahani juu ya tikiti maji, imebanwa kwa vibanio vya nywele vya dada zake. Kofia yake ya kikauboi ilitengenezwa na fundi wa Billings, ambaye alipima mara mbili, kisha akamwita mkewe aje ashuhudie. Kazini, alikokuwa akiendesha greda la kaunti la kusukuma theluji, walimpa kofia ya usalama isiyo na ukanda wa ndani. Si kichwa kibaya. Kina sura nzuri, ya utulivu, na nywele nyingi nyeupe. Ila ni kingi.

Kwa waendesha baiskeli wenye vichwa kama hicho, Brancati alijua mtengenezaji mmoja tu.

Jumatano Lyle alikwenda dukani kuthibitisha. Alijaribu helmeti ya Kiitaliano, ikakaa juu kama kifuniko cha birika kwenye sufuria. Akajaribu ya Kijapani, iliyoandikwa kuwa ni kubwa kupita zote, nayo ikamfika juu ya masikio ikagoma. Brancati alisukuma kwa viganja viwili, goti likiwa kwenye stuli, mpaka mteja mwingine akauliza kama wanahitaji msaada. Kuitoa kulichukua muda mrefu kuliko kuiingiza.

Hapo Brancati akashusha sauti. Alisema angeweza kuchukua ile Tarn na kuibandika mkanda mweusi juu ya jina. Tangu Jumapili kuna waliokuwa wamefanya hivyo kwa zile walizonunua zamani.

"Tayari klabuni kuna watu sita wenye mkanda mweusi nyuma ya kichwa," Brancati alisema. "Zamani jina lilisomwa na aliye karibu tu. Sasa hata ukiwa ng'ambo ya mto, ukiona mkanda unajua ni Tarn."

"Wao walinunua kabla."

"Na wewe uliagiza kabla."

"Sijalipa," alisema Lyle. Alitazama boksi, akaliacha kwenye kaunta.

Bila helmeti hakuna msafara. Hiyo ilikuwa kanuni ya klabu kabla ya Brackett na kabla ya Lyle. Dagny huikagua kila helmeti mwanzo wa msimu kwa kuiminya kwa dole gumba, na ikibonyea au ikitoa mlio, mwenyewe anarudi nyumbani. Ile yenye ufa isingepita. Kwa hiyo Lyle alikuwa na njia mbili. Anunue Tarn, na neno la kwanza alilowahi kusema mbele ya watu liwe mzaha. Au akae nyumbani kila Jumapili, yeye aliyepasuliwa moyo miaka kumi na miwili iliyopita, akaambiwa na daktari atafute zoezi, akatafuta, akapata na watu.

Alikaa nyumbani. Msimu wa klabu ulikuwa haujafunguliwa, lakini wengi walishaanza kutoka kwa makundi siku zisizo na barafu. Mkewe, Marva, ambaye ni keshia kwenye duka la pembejeo na mifugo barabara ya Reserve, alimpokea kwa furaha ambayo hakujitahidi kuificha. Jumapili ya kwanza Lyle alisafisha mifereji ya paa. Ya pili akarekebisha uzio. Ya tatu akaanza banda la kuku, lililokuwa likisubiri tangu enzi ya kuku waliotangulia. Marva alimpelekea kahawa nje, akasema ni kweli watu wanapaswa kuwa na misimamo.

Ni Marva pia aliyemwonyesha upana wa neno lake. Jioni moja alifungua friza kutafuta nyama ya kupika, akakiinua kifurushi cha mawindo ya vuli kilichofungwa kwa karatasi nyeupe.

"Na huyu?" aliuliza. "Huyu kulungu wako alikufa kwa maombi?"

Lyle aliteremka ghorofa ya chini, akawasha taa, akasoma boksi la risasi. Jina lilikuwa Falke, kama siku zote. Pembeni, kwa maandishi madogo ambayo hayakuwa yamemhusu kamwe, iliandikwa kuwa Falke ni chapa ya Brackett. Alirudi juu, akakaa mezani.

"Umesema chochote, mzee," Marva alisema. "Ungesema helmeti, sasa hivi tungekuwa tunakula kwa amani."

Walikula hivyo hivyo. Ila Lyle alitafuna polepole.

Kila mwaka, Jumamosi ya kuamkia msafara wa kwanza wa majira ya kuchipua, klabu hufanya Karamu ya Friza. Missoula ni mji wa watu wanaoendesha baiskeli kwenda kununua leseni ya kuwinda, na ifikapo Aprili kila friza ina mabaki ya vuli iliyopita yanayopaswa kuondoka. Kila mtu huja na sufuria. Desturi ni kwamba kabla hujafunua kifuniko unasimama na kutaja mnyama gani, alianguka mlima gani, na mwezi gani. Ni dakika chache za uongo unaokubalika. Milima huwa mirefu zaidi na upepo mkali zaidi kuliko ilivyokuwa. Hakuna aliyewahi kuulizwa risasi.

Lyle alisimama na sufuria ya maharage, pilipili na nyama, Marva akiwa kando yake.

"Kulungu," alisema. "Nyuma ya Lolo. Novemba." Akanyamaza, na wote wakadhani amemaliza, kwa kuwa kwa Lyle hiyo ilikuwa hotuba. "Risasi ya Falke. Falke ni ya Brackett. Nimesoma kwenye boksi."

Vifuniko viliganda mikononi. Ansel Mowry, daktari wa meno, aliyekuwa na soseji za nyama ya paa alizozisifia tangu mlangoni, alionekana akihesabu kimoyomoyo. Mtu wa pembeni yake akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye ni Falke. Halafu mwingine. Ikabainika kwamba sehemu kubwa ya meza ile, ukiacha saladi ya viazi na kitu cha kijani kilicholetwa na mchungaji, ilikuwa imeangushwa na kampuni waliyoisusia.

Wakamgeukia Dagny. Alikuwa ameshika mwiko. Alisema azimio linahusu kununua, na risasi hizo zilinunuliwa kabla ya tarehe nne Machi, hivyo nyama ni halali. Lakini ya vuli ijayo haitakuwa halali kama risasi ni zile zile, na asije mtu kumwambia hakusikia. Alisema "chochote" ni "chochote" mpaka mkutano useme vinginevyo. Watu walishusha pumzi. Vifuniko vikafunuliwa, na kwa robo saa hakuna aliyezungumzia siasa.

Ni Mowry aliyelifufua, kwa nia njema, akiwa ameshiba. Alisema si haki kwamba klabu nzima imeokolewa kwa tarehe, na aliyeleta azimio ndiye pekee anayeumia, kwa kosa la kuzaliwa. Brancati akaunga mkono. Alisema ile helmeti bado iko dukani, hajairudisha. Mowry akapendekeza azimio la nyongeza: vichwa vilivyopita kipimo viruhusiwe kununua Tarn.

Ukumbi ulicheka, si kwa ubaya. Mtu akauliza kipimo kitachukuliwa na nani. Mwingine akajibu kwamba iko kamba ya kupimia farasi. Lyle naye alicheka, na masikio yakamgeuka mekundu. Mikono ilishaanza kunyooka kabla Dagny hajaita kura. Ilikuwa mikono ya watu waliomfuata nyuma kwa miaka, waliojikinga upepo kwa mgongo wake, na wote walitaka arudi. Angekaa kimya tu, na kesho yake asubuhi angekuwa barabarani.

Alisimama.

"Asanteni," alisema. "Msinipigie kura."

Mowry alisema hapana, ni jambo dogo, hakuna atakayemfikiria vibaya.

"Najua. Ndiyo maana." Lyle alitafuta pa kuweka mikono, akaiweka kwenye kiti. "Mkinisamehe mimi leo, mwezi ujao kila mtu atakuwa na kichwa kikubwa. Wewe Ansel utakuwa na mgongo unaouma, Tino atakuwa na duka. Wote mtakuwa na sababu nzuri, na mimi sitaweza kusema kitu, kwa sababu nilikuwa wa kwanza. Tulisema hatuwapi pesa. Kama tunakataa tu vile tusivyovihitaji, hatujakataa kitu."

Mikono ilishuka mmoja mmoja.

"Na kesho utaendeshaje?" Dagny aliuliza.

"Sitaendesha."

Aliketi. Dagny alitangaza kuwa hakuna azimio mezani. Mowry akamletea Lyle soseji mbili ambazo hakuomba.

Marva aliendesha gari kurudi nyumbani, Lyle akiwa na sufuria tupu mapajani. Walivuka mto. Kwenye taa za barabara ya Reserve, zikiwa nyekundu na barabara ikiwa haina mtu, Marva alimwambia kwamba banda la kuku limebaki mlango tu.

"Nitaumaliza kesho," Lyle alisema.

"Kesho huna nafasi." Alikuwa akitazama taa. "Dukani kwetu tuna helmeti za wapanda mafahali wa mashindano. Zimekaa rafu ya juu, upande wa matandiko. Ndani zimejaa sponji. Ukizitoa zote, hata ndoo inaingia."

Lyle alimgeukia. "Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi pale."

"Marva. Wiki nne."

"Hukuniuliza. Ulikwenda kumuuliza Brancati." Taa ikawa kijani. "Nami nilikuwa na mifereji, nilikuwa na uzio. Mwanamke akipata fundi wa bure hamfukuzi. Ila leo umeongea vizuri, na mimi si mtu mbaya."

Duka hufunguliwa Jumapili asubuhi na mapema kwa ajili ya wafugaji. Marva aliishusha mwenyewe kwa ngazi. Ilikuwa nyeusi, nzito, na mbele ina kimia cha chuma cha kulinda uso dhidi ya pembe. Walitoa sponji za pembeni, kisha za juu, kisha ile ya kisogoni. Lyle aliivaa akiwa amesimama kati ya magunia ya chakula cha mbuzi. Iliingia. Akatikisa kichwa kulia na kushoto, nayo ikamfuata.

"Usilie ndani ya hicho kimia," alisema Marva. "Kitashika kutu."

Saa tatu kasoro, msafara ulikuwa umejipanga nje ya kanisa. Watu walimwona akitokea mbali na kwanza hawakuelewa wanachokiona. Brancati aliisogelea helmeti, akaigonga, akasema amewahi kuuza baiskeli nyepesi kuliko hiyo. Mowry aliuliza fahali yuko wapi, kisha akaomba kupiga picha. Dagny hakutabasamu. Aliminya kwa dole gumba mbele, nyuma na pande zote. Haikubonyea. Akauliza imetengenezwa na nani. Lyle alitaja ukoo mmoja wa watengeneza matandiko huko Texas. Dagny akatoa simu, akavaa miwani, akasoma palepale barabarani huku watu wakitetemeka kwa baridi, mpaka aliporidhika kwamba ukoo ule haumilikiwi na mtu mwingine. Halafu akauliza kama kanuni inasema helmeti ya baiskeli au helmeti. Akajijibu mwenyewe kwamba inasema helmeti, yenye mkanda wa kidevuni, na mkanda upo.

"Pita mbele," alimwambia.

Waliondoka kuelekea Potomac, upepo ukitoka Hellgate, Lyle akiukata. Jasho lilimtiririka chini ya helmeti na mdudu mmoja alinasa kwenye kimia tangu Milltown, lakini hakusimama. Waliokuwa nyuma yake walisema baadaye kwamba hawakuwahi kujikinga vizuri namna ile.

Jumatatu Brancati aliirudisha ile Tarn kwa muuzaji wa jumla. Lyle aliagiza risasi za kampuni nyingine, ambazo ni ghali zaidi na ambazo bunduki yake haijazizoea, na mwezi wa Agosti atakwenda kwenye uwanja wa shabaha kuipima upya.